Umemaliza Uhandisi Ujenzi na Huna Kazi: Mwongozo wa Kuitafuta Saiti kwa Saiti

Kati ya siku niliyovaa joho na siku niliyosaini mkataba wangu wa kwanza ilipita miaka miwili na miezi minne. Nilisoma uhandisi ujenzi kwa miaka minne, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, mafunzo kwa vitendo (PT) kila mwaka, na nilipomaliza niliamini kwamba nchi inayojenga barabara, reli na madarasa kila kona haiwezi kukosa pa kuniweka. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa mtu wa matangazo. Naamka, nashika simu, napitia makundi ya WhatsApp ya nafasi za kazi, naandika barua, naambatanisha vyeti, natuma, nasubiri. Jioni mama hasemi kitu. Ananipakulia tu chakula kwa upole ambao hakuwa nao zamani, na upole ule uliniuma kuliko kama angenigombeza.

Naandika kwa ajili ya mtu aliye hapo sasa. Nitasema ya ujenzi na ya Tanzania, kwa sababu ndiyo niliyoyapitia. Kabla ya hatua yoyote, shika neno hili moja: kazi ya mhandisi wa ujenzi haizaliwi siku tangazo linapotoka. Huzaliwa siku mkataba wa mradi unaposainiwa. Tangazo, likija, huja mwishoni, na mara nyingi haliji kabisa, kwa kuwa mkandarasi ameshampata mtu aliyekuwa karibu. Kwa hiyo karibu kila ninachokueleza hapa chini kinahusu namna ya kuwa karibu.

Hatua ya 1: Jisajili Bodi ya Wahandisi, hata kama huna kazi

Wengi wanasema, "Nitajisajili nikipata kazi." Ni kuweka mkokoteni mbele ya punda. Sheria ya Usajili wa Wahandisi, Na. 15 ya 1997, hairuhusu mtu kufanya kazi ya uhandisi wala kuajiriwa kama mhandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, yaani ERB. Wewe unayetoka chuoni unaingia kama mhandisi mhitimu. Maombi ni ya mtandaoni: vyeti, transkripti, picha na ada. Ada hiyo itakuuma kama huna kipato, najua. Mimi niliilipa kwa kuuza kompyuta niliyochorea tasnifu. Lakini mkandarasi akikuta namba ya usajili kwenye CV yako anajua kwamba anaweza kukuingiza kazini kesho bila kuogopa ukaguzi.

Ukiwa Bodi, ulizia pia SEAP, mpango wa mafunzo kwa vitendo wa wahandisi wahitimu ulioanza 2003. Unachukua miaka mitatu chini ya mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa, unaandika logibuku na taarifa za kila robo mwaka, kisha unaomba usajili wa uhandisi mtaalamu. Ukishalielewa hili utajua swali la kwanza la kuuliza kwenye saiti yoyote: nani hapa ni mhandisi mtaalamu wa kunisainia? Ukikaa saiti mwaka mzima bila mtu wa kusaini, umejifunza, lakini kwenye karatasi za Bodi hujasogea.

Hatua ya 2: Safisha majina

Hili ni dogo na linaangusha watu wengi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne kinasema Mohamedi, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Muhamed. Siku ya usaili wa serikali, aliyeshika orodha mlangoni hana mamlaka ya kukuhurumia. Panga karatasi zote mezani leo na usome herufi kwa herufi. Tofauti ikiwepo, mwone wakili akuandalie hati ya kubadili au kuthibitisha majina, isajiliwe. Usingoje uitwe, kwa sababu kati ya kuitwa na usaili siku huwa chache.

Hatua ya 3: Weka Ajira Portal sawa, kisha uiache ifanye kazi yake

Nafasi nyingi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Fungua akaunti kwenye Ajira Portal, mfumo wake wa maombi ya mtandaoni, kwa namba ya NIDA, jaza kila kipengele, pakia vyeti halisi vilivyothibitishwa. Soma tangazo mpaka chini: hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, wanataka vyeti vyenyewe. Barua iwe na sahihi yako na ielekezwe kwa anwani iliyotajwa kwenye tangazo. Nafasi yako itaandikwa Mhandisi Daraja la II, Ujenzi. Hakikisha shahada yako umeichagua kwa jina lake sahihi kwenye mfumo, maana ukikosea hapo mfumo unaweza kukuhesabu huna sifa.

Usaili huanza na mchujo wa kuandika, kisha mahojiano, na kwa baadhi ya kada kuna wa vitendo katikati. Aliyefaulu akakosa nafasi huweza kubaki kwenye kanzidata na kupangiwa baadaye, kwa hiyo usitupe simu wala kubadili namba. Pitia akaunti mara mbili kwa wiki, basi. Mimi nilikuwa naifungua mara kumi kwa siku. Haikuharakisha kitu, ilinichosha roho tu.

Hatua ya 4: Jua msimu wa kazi

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Bunge hupitisha bajeti kati ya Aprili na Juni, halmashauri na taasisi za barabara na maji kama TANROADS, TARURA na RUWASA huanza kutangaza na kusaini kazi, makandarasi wanahamia saiti. Masika ya Machi hadi Mei hupunguza mwendo wa barabara na madaraja. Maana yake, miezi ya kutembea kwa miguu ni Agosti mpaka Desemba. Aprili kaa ujifunze vizuri programu za kuchorea kama AutoCAD au Civil 3D, tengeneza CV, tafuta hela ya nauli. Nilitembea saiti kwa mara ya kwanza mwezi wa nne, mvua inanyesha, nikakuta greda zimeegeshwa na mlinzi anapika uji. Nikarudi nyumbani nikisema njia hii haifanyi kazi. Kumbe nilikosea mwezi.

Hatua ya 5: Soma bango la mradi

Kila mradi wa maana una bango barabarani. Watu wanapita, wewe simama. Bango linakupa majina manne: mteja, mhandisi mshauri, mkandarasi, na wakati mwingine mfadhili. Linakupa pia tarehe ya kuanza na muda wa mkataba. Piga picha. Nyumbani fungua daftari na uchore safu: mradi, mkandarasi, mshauri, ulipoanza, unapoisha, nilienda lini, nilionana na nani, nirudi lini.

Tazama tarehe kwa makini. Mradi wa miezi 12 ulioanza wiki tatu zilizopita ndio wako: mkandarasi bado anakusanya watu. Uliobakiza miezi miwili, achana nao, isipokuwa kama mkandarasi huyohuyo ana kazi nyingine. Na kuna jambo ambalo chuoni hatukufundishwa. Mkandarasi anapoomba zabuni huorodhesha wataalamu na CV zao. Kati ya kuomba na kusaini hupita miezi, na baadhi ya wale wataalamu huwa wameshapata kazi kwingine. Siku ya kuhamia saiti kuna viti vitupu, na muda wa kuvijaza ni mfupi. Hapo ndipo unapoingia.

Usiishie kwenye mabango ya mtaani kwenu. Mfumo wa NeST, unaotumika kwa manunuzi ya umma tangu 2023, unaonyesha zabuni zilizotangazwa na mikataba iliyotolewa. Kila Jumatatu nilikuwa naandika: nani kashinda nini, mkoa gani. Mshindi wa kazi ya milioni mia kadhaa wilayani anahitaji kijana wa saiti kuliko kampuni kubwa ya mjini yenye mapokezi ya vioo.

Hatua ya 6: Nenda mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hatua hii ndiyo iliyonibadilishia maisha na ndiyo watu wanaiogopa.

Fika saa moja asubuhi, kabla kazi haijachanganya, au saa kumi jioni. Usiende siku ya kumwaga zege, hakuna atakayekusikiliza. Vaa suruali ngumu na buti. Bahasha iwe na nakala tu, CV ya kurasa mbili, namba ya usajili juu kabisa. Getini anza na mlinzi, na umheshimu kwa dhati, maana yeye ndiye anayejua injinia anaingia saa ngapi.

Saiti yangu ya kwanza kunifungulia ilikuwa jengo la ghorofa nne. Injinia hakuwepo, nikapelekwa kwa foremani, mzee wa makamo aliyekuwa anahesabu nondo zilizoshushwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Injinia eh? Haya, nondo nzima ya milimita kumi na mbili ina kilo ngapi?"

Nilikuwa na shahada. Niliwahi kupata A ya mihimili ya zege. Nikasema sikumbuki.

"Sasa gari la nondo likiingia hapa, utajuaje kama tumepunjwa?"

Hakunicheka. Aliokota kipande cha chokaa akaandika kwenye ubao wa shata, zile mbao za kushikilia zege: kipenyo mara kipenyo, gawa kwa 162, hiyo ni kilo kwa mita. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144; gawa kwa 162 unapata kama 0.89, zidisha kwa mita 12 za nondo nzima, kilo 10.7 hivi. Nikaenda nyumbani nikazikariri zote: ya milimita 8 ni kilo 4.7, ya 10 ni 7.4, ya 16 ni karibu 19. Nikaongeza na ya saruji, kwamba mita moja ya ujazo ya zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) inakula mifuko ya kilo 50 inayokaribia sita na nusu. Wiki iliyofuata nilirudi nikamsomea. Akaniambia nishike futi nikahesabu ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushia nguzo, za ghorofa ya pili, nimwandikie zimekosea wapi. Niliona nguzo tatu ambazo ringi zake zimeachana sentimita 25 wakati mchoro unasema 15. Zikafungwa upya kabla ya zege. Siku ya tatu injinia akaniuliza jina.

Kwa hiyo kabla hujaenda, jaribu mwenyewe: uzito wa nondo, mifuko ya saruji, kusoma ratiba ya kukunja nondo, kushusha levo kutoka bechimaki (alama ya kimo kinachojulikana), kwa nini tunavunja kyubu za kupimia zege siku ya 7 na ya 28. Ukiambiwa hakuna nafasi, usiage bila kuuliza mambo mawili: "Mnategemea kuongeza mtu lini?" na "Kuna saiti nyingine unayoifahamu inayoanza?" Swali la pili limenipa kazi mara mbili. Omba namba, piga baada ya wiki mbili, ujitambulishe kwa siku mliyoonana. Hakuna aibu kurudi mara tatu.

Hatua ya 7: Kujitolea halmashauri, kwa masharti

Madarasa, zahanati na nyumba za walimu nyingi hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: kamati za kijiji au shule zinanunua vifaa, mafundi wa jamii wanajenga, na mhandisi wa halmashauri anasimamia. Mhandisi huyo ana kata nyingi na gari moja, au hana gari. Mwandikie Mkurugenzi wa Halmashauri. Barua yangu ilikuwa hivi:

"YAH: OMBI LA KUJITOLEA CHINI YA MHANDISI WA HALMASHAURI

Mimi ni mhitimu wa shahada ya uhandisi ujenzi, nimesajiliwa ERB kama mhandisi mhitimu, mkazi wa halmashauri hii. Naomba kujitolea siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, nikisaidia ukaguzi wa miradi ya fosi akaunti. Naweza kukadiria vifaa, kukagua nondo na msingi kabla ya zege, na kuandika taarifa ya kila wiki yenye picha. Naomba nitakapomaliza nipatiwe barua ya utambulisho wa kazi niliyofanya."

Ni fupi kwa makusudi. Siku tatu, ili siku nyingine utafute hela na kazi. Miezi mitatu, kwa sababu kujitolea kusiko na mwisho ni kuajiriwa bila mshahara, na nimewaona wenzangu waliofika mwaka wa pili wakijilipia nauli. Barua ya utambulisho iombwe mwanzoni, maana mwishoni wanasahau. Peleka nakala mbili masjala, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukirudi kufuatilia unaonyesha muhuri, huanzi upya. Ukikubaliwa, omba hata posho ya mafuta ya bodaboda. Wakisema hakuna fungu, amua mwenyewe kama unamudu.

Hatua ya 8: Jifunze zabuni, na linda vyeti vyako

Makandarasi wadogo, wa madaraja ya chini ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), wanajua kujenga kuliko kujaza zabuni. Bei za BOQ (orodha ya kazi na vipimo vyake), mpangokazi, maelezo ya namna kazi itakavyofanyika: hivi vinawashinda, na wewe umefundishwa. Nenda na mfano ulioutengeneza kutoka kwenye zabuni ya zamani. Malipo kidogo kidogo kwa kila zabuni yalinilipia kodi ya chumba kwa miezi mitano. Na mkandarasi aliyeshinda kwa bei ulizopanga wewe hana sababu ya kumtafuta mtu mwingine wa kuisimamia kazi.

Lakini hapa kuna shimo, na niliingia. Mkandarasi mmoja aliomba nakala za vyeti vyangu "vikae kwenye zabuni". Nikatoa, nikaahidiwa kazi ikipatikana. Miezi sita baadaye nilipita kwenye bango nikaona jina lake, saiti inaendelea. Nilipopiga simu nikaambiwa nafasi zimejaa. Jina langu lilisaidia kushinda, mwingine ndiye anayefanya. Iliniuma kwa muda mrefu. Tangu hapo kila nakala ninayotoa ina maandishi ya wino juu yake: kwa zabuni fulani tu, namba fulani, tarehe fulani. Na kabla ya kutoa naomba barua ya mstari mmoja inayosema nitaajiriwa kwa nafasi gani zabuni ikishinda. Asiyetaka kuiandika hana nia ya kukuajiri. Tena kumbuka kwamba usajili ni wako: ukitajwa msimamizi wa kazi usiyoiona na jengo likapata nyufa, atakayeulizwa ni mwenye jina.

Matapeli

Kwa ufupi. Kazi ya serikali hailipiwi. Anayekudai elfu hamsini ya fomu, ya vipimo vya afya au ya "kumwona bosi" ni mwizi, hata awe na kitambulisho na lugha ya ofisini. Kampuni inayoitisha usaili lojingi, inayotumia barua pepe ya kawaida kwa jina la taasisi kubwa, achana nayo. Na wewe dada unayetembea saiti peke yako: onana na mtu eneo la kazi, mchana, na umwambie mtu wa nyumbani uko wapi. Anayetaka mkutane jioni mbali na saiti kuzungumzia ajira hana ajira.

Nyumbani wakati huo

Kaa na wazazi uwaambie mpango, si matumaini. Nilimwonyesha mama lile daftari la miradi, nikamsomea: huyu nimeonana naye, huyu nirudi tarehe kumi. Hakuelewa nusu ya maneno, ila kuanzia siku ile aliacha ule upole wake, akaanza kuniuliza, "Yule wa barabara amesemaje?" Nilipumua. Na ukipata kibarua nje ya fani, kufundisha tuisheni ya hisabati, kuuza vifaa vya ujenzi dukani, kifanye. Duka la vifaa hasa ni zuri: kila mkandarasi wa mji hupita pale, na utajua bei za soko kuliko aliye ofisini.

Hatua ya mwisho: Mkataba

Usianze kazi kwa maneno matupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi, mahali, muda, mshahara, saa. Kwenye mikataba ya mradi angalia maneno "mpaka mradi utakapokwisha", na uliza mradi ukisimama kwa kukosa malipo ya mteja wewe unalipwaje. Hilo hutokea sana.

Piga hesabu ya kitakachoingia mkononi. Tuseme mshahara ni 800,000. Mchango wako wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10 ni 80,000. Inabaki 720,000 ya kukatwa kodi. Kwa viwango vya tangu 2021, kodi ya mshahara (PAYE) yake ni 60,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ni 120,000. Unabaki na 540,000. Kama saiti iko mbali na unapanga chumba, zungumza malazi na usafiri kabla ya kusaini. Hakikisha pia michango ya NSSF inaonekana kwenye akaunti yako kila mwezi. Wengi wamekutana na mwajiri anayekata asipeleke.

Mkitofautiana, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kuachishwa isivyo haki unalalamika ndani ya siku 30. Madai mengine kama mishahara, ndani ya siku 60. Kama hujafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo, kinga ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu bado, kwa hiyo yaliyoandikwa kwenye mkataba ndiyo ngao yako.

Ukishaingia, endelea na lile daftari. Mradi una mwisho. Wangu wa kwanza ulikabidhiwa baada ya miezi tisa, na asubuhi ya makabidhiano nusu ya vijana wa saiti walikuwa wanaulizana waende wapi. Bango la saiti iliyofuata nilikuwa nimelipiga picha miezi miwili nyuma, na foremani wake alikuwa yule mzee wa nondo.